UMEAMBIWA UMEIBA PICHA? TULIA, SOMA HAPA KWANZA

Leo nawapa jambo lililonitoa jasho mwenyewe.

Nilichukua mzigo wa pochi za kike kwa jumla pale Mtaa wa Kongo. Picha sikupiga. Kuna dada alikuwa anauza pochi hizo hizo, picha zake kali, nikazichukua, nikakata jina lake pembeni, nikaposti. Oda zikaja. Siku ya tatu nafungua Instagram, posti hazipo. Mwenye picha amelalamika.

Hasira zikanipanda, nikataka kuzirudisha. Kaka wa duka la jirani akanizuia: "Dogo, ukirudisha utapoteza ukurasa wote." Kweli kabisa. Ukirudia rudia kosa akaunti inafungwa, na wateja uliowakusanya miaka yote wanaenda nayo.

Kosa langu nini? Nilidhani nikinunua pochi, na picha ni yangu. Hapana. Pochi ni yako, picha ni ya aliyepiga. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda hata kama hajasajili chochote COSOTA.

Na usiseme haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala, Ilala yetu hii hii, iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe MwanaFA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ruhusa. Kampuni ikakata rufaa, kesi ikaendelea. Sisi wa duka dogo tutaweza hizo mbio?

Sasa ukipata malalamiko, fanya hivi:

1. Hakikisha ni ya kweli. Matapeli wanatuma inboksi: "Umevunja hakimiliki, bonyeza linki hii ndani ya saa 24." Ukiweka nenosiri tu, akaunti imekwenda. Usibonyeze. Ingia kwenye mipangilio ya Instagram, kuna sehemu inaonyesha barua pepe walizokutumia wao kweli. Kama haipo pale, achana nayo.

2. Soma vizuri. Nani amelalamika, posti ipi, namba ya malalamiko ni ipi. Piga skrinishoti, tunza.

3. Kama umekosa, kubali. Mimi nilimwandikia yule dada: "Dada samahani, nimekosa, picha nimezitoa zote, sirudii." Alinisema weee! Lakini baada ya siku mbili akaondoa malalamiko. Ukimtukana mtu, hawezi kukusaidia.

4. Kama picha ni yako kweli, kata rufaa. Onyesha picha yenyewe kwenye simu na tarehe uliyopiga, pamoja na zile nyingine za siku hiyo hiyo. Ila usidanganye. Pale unatoa tamko la kisheria, na mlalamikaji anaweza kupewa jina na mawasiliano yako.

Siku hizi nabandika karatasi nyeupe ya manila ukutani karibu na mlango, saa tatu asubuhi mwanga ukiwa mzuri, napiga zangu mwenyewe. Si kali kama za yule dada, lakini nalala usingizi.

Wewe yamewahi kukukuta? Andika kwenye komenti, na mtumie mwenzio anayeposti picha za watu.