Shina Limekauka, Mzizi Bado Unafanya Kazi



Katika misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Mpanda kuna mti ambao wengi wetu tunaujua kwa mbao zake, yaani mninga. Umetupatia milango na vitanda, na katika makanisa mengi umetupatia mabenchi na mimbari. Ni wachache wanaoutambua mninga ungali mchanga, kwa sababu katika umri huo huonekana kama mti ulioshindwa.

Mbegu ya mninga huota mvua zinapoanza. Hutoa kijishina chembamba chenye majani machache. Mvua zikishakatika, kiangazi cha Katavi kikikolea, kijishina hicho hukauka mpaka usawa wa ardhi, au moto wa msituni hukiteketeza. Msimu unaofuata huchipua tena, na kiangazi kikirudi hukauka tena. Hali hiyo hujirudia miaka kadhaa, na wakati mwingine hufika 10. Anayepita hapo kila mwaka huona kijiti kilekile kifupi, akasema mti huu hauna maisha.

Lakini kazi iko chini. Kile chakula kidogo kinachotengenezwa na majani wakati wa masika hushushwa kwenye mzizi mkuu, nao huzidi kunenepa na kwenda chini zaidi. Kisha unafika mwaka ambao mzizi una akiba ya kutosha. Mwaka huo shina halifi. Hupanda juu kwa haraka, na watu hushangaa mti umetoka wapi.

Mzizi una kazi tatu kubwa. Hushikilia mmea usiangushwe na upepo. Hunyonya maji na madini ya udongo kwa vinyweleo vyake vidogo sana. Tena huhifadhi akiba, kama tunavyoona kwenye muhogo, kwa kuwa kile tunachokila ni mzizi ulioshiba. Ncha yake imefunikwa kwa kikofia kinachomomonyoka kila mzizi unapopenya kwenye udongo mgumu, na kingine hujengwa mahali pake. Kukua kwenda chini kuna gharama, na gharama hiyo haionwi na mtu.

Katika Mathayo 13, Bwana Yesu anasema juu ya mbegu iliyoangukia penye mwamba. Iliota upesi kuliko nyingine, jua likapanda, ikanyauka kwa kuwa haikuwa na mizizi. Tusilaumu jua. Jua hilohilo liliiwakia mimea iliyozaa mara mia. Tofauti ilikuwa chini ya udongo.

Ndugu zangu, hapa ndipo neno hili linapotugusa kama kanisa. Yupo kijana aliyepata kipaimara, akaacha pombe miezi mitatu, kisha akarudia. Yupo mama aliyekuwa akiimba kwaya, msiba ukampata, hajaonekana ibadani tangu hapo. Sisi tunatazama kijiti kilichokauka na kusema, "Yule ameshaisha." Tunamfuta kwenye orodha na kwenye maombi. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu anayesafisha shamba bila kuangalia. Pigo moja la jembe linang'oa kazi ya miaka 10 iliyokuwa imebakiza msimu mmoja.

Kuonyana ni wajibu wetu, lakini kuonya si kung'oa. Katika Luka 13, mwenye shamba alitaka mtini usiozaa ukatwe. Mtunzaji akaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, naye achimbe kuuzunguka na kutia mbolea. Angalia mahali alipopeleka nguvu zake. Hakuyasemesha majani wala hakuukaripia mti kwa kukosa matunda. Alihudumia mizizi.

Hata hivyo, neno hili lisiwe kichaka cha kujifichia. Si kila kijiti kikavu kina mzizi. Kwa macho vyote hufanana, na mvua ndiyo hutenganisha. Kwa hiyo, kila mmoja ajiulize: Mungu aliponipa msimu wa mvua, yaani afya, kazi na amani nyumbani, niliweka nini chini? Je, sala ya chumbani ipo, au nina majani ya Jumapili tu? Ukipita barabara ya Mpanda kwenda Sitalike mwezi Septemba au Oktoba, utaona miombo mingi imetoa majani mapya mekundu kabla hata ya tone la mvua. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu ina maji iliyojiwekea, na mizizi inayofika mbali. Imani nayo huchipua kabla ya jibu kufika, ikiwa ina akiba.

Wiki hii, mtafute mtu mmoja aliyekauka machoni pa usharika wako. Usiende na hotuba. Nenda na unga, au nenda ukakae naye tu, usali naye kwa ufupi. Hiyo ndiyo mbolea. Kuchipua mwachie Mungu, anayeona chini ya udongo.

Amina.