MKASI MDOGO: UPIME KABLA YA KUTOA FEDHA

Miongoni mwa vyombo vya kazi za mikono, hakuna kinachodharauliwa dukani na kulaumiwa nyumbani kama mkasi mdogo. Kitambaa huchaguliwa kwa saa nzima, nyuzi hulinganishwa juani rangi moja baada ya nyingine, lakini mkasi hutazamwa tu: unang'aa, bei yake ni nafuu, basi hutiwa mkobani. Baada ya wiki chache ncha zake hutafuna uzi badala ya kuukata, na kitambaa cha meza kilichotariziwa jioni nyingi hupata tundu mahali pasipofichika.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nyumba za askari wa jeshi na polisi. Kutarizi, kufuma vitambaa vya makochi, kushona nguo za watoto na kutengeneza shanga za karatasi ni kazi zisizohitaji shamba wala duka. Amri ya uhamisho ikifika, kazi yote hufungwa katika sanduku moja na kuanza tena katika kambi nyingine. Mama anayeongeza pato la nyumba kwa njia hiyo hategemea mtaji mkubwa. Hutegemea macho yake, mikono yake, na mkasi unaokata pale anapotaka.

Soko la mpakani

Wasomaji wetu walioko Busia na Tororo wanaishi mahali penye bidhaa tele. Busia ni mji wenye jina moja chini ya bendera mbili, Uganda na Kenya. Na katika Wilaya ya Tororo iko Malaba, mlango mwingine mkubwa wa malori na reli. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kifunguliwe rasmi mwaka 2018, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Vitu vidogo vya nyumbani hupangwa vibandani, huchuuzwa barabarani, na hubadilika kila wiki.

Nchi hii si ngeni kwa chuma. Wasamia, ambao vilima vyao viko pande zote mbili za mpaka, walisifika zamani kwa uhunzi. Waliyeyusha mawe yenye chuma, wakafua majembe na kuyauza kwa makabila jirani. Lakini mikasi midogo ya sokoni leo haitoki katika vilima hivyo. Mingi hutoka China, mingine Pakistan na India, na michache Ujerumani. Mnunuzi hamjui mhunzi wake, wala hawezi kumrudia akidanganyika. Hana budi kuuhoji mkasi wenyewe.

Jina si ushahidi wa kutosha

Wengi hutazama kwanza maneno yaliyopigwa chapa. Wajue kwamba udanganyifu wa chapa katika visu na mikasi ni wa siku nyingi. Katika karne ya 19 mafundi wa Sheffield, Uingereza, walilalamika kwamba bidhaa za Ujerumani ziliuzwa kwa jina la mji wao. Mwaka 1887 Uingereza ikatunga sheria kwamba bidhaa za kigeni zenye alama za kumpoteza mnunuzi zionyeshe nchi zilikotengenezwa. Baadaye mji wa Solingen, Ujerumani, ukapata sifa kubwa, nao ukaanza kuibiwa jina. Mwaka 1938 Ujerumani ikatunga sheria ya kulilinda. Ikiwa watu wa Ulaya walidanganywa hata ikabidi sheria itungwe, mnunuzi wa Busia asilitegemee jina peke yake. Chapa iliyochorwa kwa rangi inayokwanguka kwa ukucha haina maana yoyote. Hata ile iliyochimbwa ndani ya chuma ni madai tu. Inayobaki ni kuyapima.

Majaribio sita yasiyogharimu kitu

Kabla ya kutoka nyumbani, tia mkobani kipande cha pamba nyembamba, kipande cha nailoni laini, na uzi mmoja wa kutarizia. Kisha, kwa ruhusa ya muuzaji, fanya hivi:

1. Tazama mwanga. Funga mkasi, uinue kwa ubavu na utazame katikati ya mabapa yake mawili. Ncha zigusane kabisa, na katikati uonekane mwanya mwembamba sana. Wengi huudhani mwanya huo ni kasoro, kumbe ndio usanifu wenyewe. Mabapa hupindwa kidogo ili wakati wa kukata yagusane mahali pamoja tu, na mahali hapo pasafiri kutoka kwenye kiungo mpaka nchani. Mabapa yaliyonyooka kama rula yatakata vizuri karibu na kiungo na kushindwa mbele.

2. Pima kiungo. Shika bapa moja kwa kila mkono na ujaribu kuyatikisa kwa ubavu. Yakicheza, uzi utalala katikati yake bila kukatika. Kisha fungua na kufunga taratibu. Mwendo uwe laini na wa namna moja mwanzo hadi mwisho, bila kukwama na bila kulegea ghafula.

3. Tazama kinachoshika kiungo. Parafujo inaweza kukazwa mkasi ukilegea. Msumari uliopondwa hauwezi kukazwa kwa urahisi nyumbani. Haufanyi mkasi kuwa mbaya, ila ukishalegea huna la kufanya.

4. Kata kwa ncha. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Usikate kwa tumbo la mkasi, maana hata mkasi duni hukata hapo. Tumia sehemu ya mwisho kabisa, kama upana wa punje ya mchele. Kata pamba, kisha nailoni, kisha uzi mmoja ulio huru. Kitambaa kikikunjwa na kuingia katikati ya mabapa, au uzi ukitoka na manyoya, rudisha mkasi huo.

5. Vuta kitambaa. Funga ncha juu ya kile kipande cha nailoni baada ya kukata, kisha kivute taratibu. Kikinaswa, makali yana vijino ambavyo kiwanda hakikuviondoa, na vijino hivyo vitachana hariri.

6. Pitisha kidole katika pete. Mkasi uliosubiwa ovyo huwa na mshono mkali ndani ya pete. Kwa dakika moja hausumbui, kwa saa mbili huchubua kidole. Anayetumia mkono wa kushoto atafute mkasi uliotengenezwa kwa mkono huo, kwa kuwa katika mkasi wa kawaida mkono wa kushoto huyatenganisha mabapa badala ya kuyabana.

Habari ya sumaku na mng'ao

Wapo wanaosema kwamba chuma kizuri hakivutwi na sumaku. Kwa mikasi neno hilo linapotosha. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza chuma chenye kromiamu kisichoshika kutu upesi, na chuma cha jinsi hiyo kinachofaa kwa makali huvutwa na sumaku. Bapa lisilovutwa hata kidogo ndilo la kutilia shaka, kwani huenda ni madini laini yasiyodumisha makali.

Vivyo hivyo mng'ao. Rangi ya dhahabu juu ya mikasi yenye umbo la korongo hupendeza macho, lakini ni ganda tu. Tazama ukingo wa ndani wa bapa. Ganda likiwa limeanza kubanduka mahali pa kukatia, kutu itaingia hapo kwanza, hasa katika nchi zetu zilizo karibu na Ziwa Victoria zenye unyevu mwingi.

Mkasi mmoja, kazi moja

Mkasi mzuri huharibiwa nyumbani kuliko dukani. Karatasi hula makali upesi kuliko pamba. Kwa hiyo anayekata vipande vya karatasi vya kutengenezea shanga asitumie mkasi wa kutarizi. Funga uzi mwekundu katika pete ya mkasi wa kitambaa, na watoto wafundishwe kwamba wenye uzi huo haugusi karatasi, kucha wala waya.

Ukimaliza kazi, futa vumbi la uzi kwenye kiungo kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa mwezi tia tone moja la mafuta ya cherehani, fungua na kufunga mara kadhaa, kisha pangusa yasije yakachafua kazi. Mkasi ukianza kuwa butu, usisugue upande wa ndani ulio bapa, maana huo ndio unaobana uzi. Kinachonolewa ni ukingo wa mshazari tu, kwa kinoo laini na kwa kufuata mshazari uleule. Kukata karatasi ya msasa, kama wengi wanavyofanya, huondoa vijino vidogo lakini hakurudishi makali yaliyokwisha. Tena, ncha zivalishwe kipande cha ngozi au kizibo, kwani katika chumba kimoja cha kambini mtoto hutambaa palepale mama anaposhonea.

Neno la mwisho kwa mnunuzi

Wahenga walisema rahisi ghali. Hatusemi kwamba kila mkasi wa bei ndogo ni mbaya. Baadhi hufaulu majaribio yote sita, na baadhi ya ile ya bei kubwa hushindwa katika la nne. Ndiyo sababu bei nayo isiachiwe kuamua. Katika boksi moja la mikasi ya kiwanda kimoja, jaribu mitatu au minne, kwani haifanani.

Ukiridhika, lipa na udai risiti. Itakufaa ukirudisha mkasi wenye kasoro, na itakufaa pia kwenye forodha ikiwa umenunua upande wa pili, kwa kuwa bidhaa iliyotengenezwa nje ya Afrika Mashariki haipati msamaha wa ushuru kwa sababu tu imenunuliwa kwa jirani. Naye muuzaji akikataa mkasi wake usikate hata kipande cha pamba, mshukuru kwa adabu, uende kibanda cha pili.