Namna za Kufundisha na Namna za Kujifunza

Kijana wa Daraja Mbili, mjini Arusha, atakaye kuwa mkimbiaji huuliza kwanza habari za viatu, kisha za kiwanja; mara chache huuliza habari za mwalimu. Nasi twaona hilo ndilo lingetangulia, maana walimu hawafundishi kwa namna moja.

Yuko mwalimu aamuruye: mizunguko kadha, mapumziko dakika kadha, wala hapana swali. Yuko na mwingine aulizaye, "Mguu uliusikiaje ulipopinda kona?" kisha hungoja jibu. Wengi humcheka huyu wa pili, husema hajui kazi. Basi na watazame Iten, nchi ya Kenya. Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika huko mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, wala hakuwa amesomea ufundishaji wa mbio. Alijifunza kwa kuwatazama wakimbiaji wenyewe. Mmoja wa aliowalea, David Rudisha, alikimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiongoza tangu mwanzo. Hapana aliyepata kwenda kasi hiyo kabla yake.

Hapa kwetu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikuwa na desturi ya kutangulia mapema, kinyume cha shauri la kawaida la kujificha nyuma ya wenzako hata karibu na mwisho. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alitangulia vivyo hivyo katika mita 1500, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker aliyemfuata alichelewa sekunde 0.3 tu. Mwalimu mkaidi angaliivunja desturi ile.

Lakini tusidanganyike. Siku hizi mwanafunzi husema, "Mimi hujifunza kwa macho," na mwenziwe, "Mimi kwa masikio," na kwa neno hilo hukataa mafundisho mengine. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenziwe wa Marekani walizipima kazi za wataalamu juu ya jambo hili, wasione ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa njia aipendayo. Aanzaye kazi huhitaji kuonyeshwa hatua kwa hatua, hata ikimchosha. Aliyekwisha kuizoea hudumaa akiamriwa kila kitu. Na mbio hazifundishwi kwa maneno matupu, hata kwa mwenye masikio makali.

Basi mzazi ampelekaye mtoto kiwanjani asihangaike kujua kama mwalimu ni mkali au mpole. Baada ya mwezi na amwulize mtoto, "Jana ulikosea nini, na leo umefanyaje?" Akijibu waziwazi, mwalimu yule anafundisha. Akikaa kimya, yafaa mzazi aende siku moja kutazama mazoezi. Huenda mtoto hajaelezwa hata neno moja.