Je, Wajua? Maduka chini, makazi juu

JE, WAJUA kwamba jengo la maduka ya ndani lililo kongwe kuliko yote yaliyosalia Marekani halipo New York wala Chicago? Lipo Providence, mji mkuu wa Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote nchini humo. Wenyeji hulijua kwa jina la Arcade. Lilifunguliwa mwaka 1828, mwaka uleule ambao Seyyid Said, mtawala wa Oman, aliizuru Unguja kwa mara ya kwanza.

JE, WAJUA kilichowasukuma wafanyabiashara wa enzi ile kuingiza maduka ndani? Ni barabara. Tope, mavi ya farasi, magari ya kukokotwa yakipita karibu na nguo za wanunuzi, na mvua ikinyesha hakuna pa kujisitiri. Paris ilitangulia na Passage des Panoramas mwaka 1799. London ikafuata na Burlington Arcade mwaka 1819, ambayo hadi leo ina walinzi wake wenye sare. Mpango ulikuwa mmoja kila mahali: ujia katikati, fremu za maduka kushoto na kulia, na paa la vioo ili jua lenyewe liwe taa.

JE, WAJUA kwamba tajiri aliyelijenga jengo la Providence alichekwa na mji mzima? Cyrus Butler alishirikiana na kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo, na ujenzi ukagharimu dola zipatazo 145,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Kosa lake, kwa mujibu wa waliomcheka, lilikuwa kujenga upande wa magharibi wa mto upitao mjini wakati biashara yote ilikuwa mashariki. Wakaliita “Upumbavu wa Butler”. Miaka ikapita, na biashara ikavuka mto ikamfuata. Baadaye Butler alitoa fedha za kuanzisha hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ina jina lake hadi sasa.

JE, WAJUA kwamba jengo hili lina sura mbili zisizofanana? Upande wa mtaa wa Westminster, juu ya nguzo pamekaa pembetatu kama ya hekalu la Kigiriki. Upande wa mtaa wa Weybosset hakuna pembetatu, kuna ukuta wa mawe uliopandishwa kama ngazi. Wasanifu walikuwa wawili, Russell Warren na James Bucklin, na husimuliwa kwamba walishindwa kukubaliana, kila mmoja akapewa upande wake.

Nguzo zenyewe ni 12, sita kila upande. Kila moja ni jiwe moja la graniti lenye uzito wa zaidi ya tani 10, lililochongwa Johnston, nje ya mji, likavutwa na maksai hadi katikati ya Providence. Hakukuwa na reli wala winchi ya mvuke. Ukipitisha kiganja kwenye nguzo mojawapo unagusa kazi ya mikono mitupu ya watu na nguvu ya wanyama, na nadhani hilo pekee lilitosha kulipatia jengo haki ya kuishi.

JE, WAJUA kilichokuwa kikilisumbua jengo hili, miaka nenda miaka rudi? Ngazi. Arcade ina sakafu tatu, na za juu zimerudishwa nyuma ili mwanga wa paani ufike chini. Kwa macho ni raha tupu: kingo za chuma zimepanda pande zote mbili, safu juu ya safu. Kwa mwenye duka ilikuwa shida. Ujia wa chini ni njia ya mkato kati ya mitaa miwili, kwa hiyo mwenye fremu ya chini hupata mteja ambaye hata hakupanga kununua. Juu hakupita mtu. Aliyepanda alikuwa amekusudia, na waliokusudia hawakuwahi kutosha. Fremu za chini zilipopata wapangaji, za juu zilikaa tupu, na kodi ya sakafu moja hailishi jengo la sakafu tatu.

JE, WAJUA kwamba Arcade ilikaribia kubomolewa mwaka 1944? Ilinusurika. Mwaka 1976 ikatambuliwa na serikali kuu kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na mwaka 1980 ikafanyiwa ukarabati mkubwa, ikafunguliwa tena kwa mpango uleule: maduka chini, maduka juu. Wakati huo wanunuzi walikuwa wameshahamia kwenye maduka makubwa ya pembezoni yenye maegesho. Mwaka 1999 likaja pigo la karibu zaidi, pale Providence Place, jengo kubwa la kisasa la maduka, lilipofunguliwa mjini humohumo. Mwaka 2008 Arcade ikafunga milango.

JE, WAJUA kilichoifufua? Mmiliki aliacha kupambana na ngazi. Ilipofunguliwa tena mwaka 2013, maduka na migahawa vilibaki chini tu, na sakafu mbili za juu zikageuzwa nyumba 48 ndogo za kupanga. Ndogo kwelikweli: nyingine zina mita za mraba 21 hivi. Ndani kuna bafu, friji, sinki, maikrowevu na samani zilizojengwa pamoja na kuta. Jiko la kupikia hakuna. Nguo hufuliwa katika chumba cha pamoja, na baiskeli zina mahali pake. Kodi ilianzia dola 550 kwa mwezi, na orodha ya waliosubiri ilikuwa ndefu kabla rangi haijakauka.

Wapo wanaosikitika kwamba sakafu za juu sasa ni makazi ya watu na mgeni hana shughuli huko. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Ngazi zilizokosa mteja zimepata mwenyewe, mtu anayezipanda kila jioni kwa sababu anarudi kwake. Mkazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hashangai: katika nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, duka lilikuwa chini na familia juu.

JE, WAJUA kwamba Providence na Unguja zilifahamiana? Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio waliotamba zaidi, lakini kampuni ya Rufus Greene ya Providence nayo ilikuwa na mawakala Unguja. Merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani, ilishushwa bandarini, na meli zikarudi na karafuu, pembe za ndovu na sandarusi.

JE, WAJUA kilichowapata wenzake wa Arcade hii kwingineko Marekani? Philadelphia ilikuwa na Arcade yake, iliyofunguliwa mwaka 1827, mwaka mmoja kabla ya ile ya Providence. Juu palipangishwa kwa makumbusho ya familia ya Peale ili kuwavuta watu wapande. Haikusaidia, na mwaka 1860 jengo likabomolewa. Cleveland, Ohio, ilijenga Arcade ya fahari mwaka 1890, yenye paa refu la vioo na safu za vibaraza vya chuma. Nayo ilichakaa, ikaokolewa mwaka 2001 kwa njia ya jamaa moja na ile ya Providence, tena miaka 12 kabla yake: sakafu za chini zikabaki za maduka, za juu zikawa vyumba vya hoteli.