Bia Iliyoganda Haijaisha Nguvu

Naulizwa Sinza, naulizwa Mbagala, na juzi tena Tandika: bia ikiganda kwenye friza halafu ikayeyuka, si nguvu inakuwa imekwisha? Hapana. Nimechoka kulijibu kwa upole, maana wako wanaomwaga chupa nzima, na wengine wanamgombeza mhudumu kama mwizi.

Kizibo kimebana. Kilevi kitoke kipitie wapi? Kinachoganda ni maji. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Kilevi chenyewe hakigandi mpaka nyuzi 114 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani huishia kwenye 18. Kwa hiyo kilevi hubaki kwenye kile ambacho hakijaganda. Nusu ya bia ikiwa barafu, inayomiminika inakaribia asilimia 10. Kule Bavaria, Ujerumani, bia kali iitwayo Eisbock hutengenezwa hivyohivyo: wanagandisha, wanatoa barafu. Sasa mteja anafungua chupa iliyoganda nusu, glasi ya kwanza inakuja kali. Mwenzake anasubiri barafu iliyobaki iyeyuke, anakunywa majimaji, anatangaza bia imekufa. Wangeiacha iyeyuke yote kabla ya kuifungua, wangekuta nguvu ileile iliyoandikwa kwenye lebo.

Kinachoweza kupotea ni gesi. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na barafu haishiki gesi. Kizibo kinasukumwa, gesi inavuja, bia inapooza. Vile vipande vyeupe vinavyoelea ni protini iliyoshikana. Havina sumu.

Na hiyo dawa ya kuzamisha chupa kwenye maji ya moto, iacheni leo. Chupa zetu za nusu lita hurudi kiwandani, huoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Tazama ile mikwaruzo myeupe mabegani mwake. Kioo cha namna hiyo, kina barafu ndani, ukikipiga na joto la ghafla kinapasukia mkononi.

Imeganda? Isimamishe kwenye friji mpaka iyeyuke yote, ipindue taratibu, fungua. Ina ufa au kizibo kimeinuka, tupa. Una haraka ya kupoza? Ndoo, barafu, maji, chumvi konzi mbili, robo saa. Umeme umekatika bia ikarudi moto? Ipoze tena, haijaharibika. Zinazoharibika ni zile kreti zinazoanikwa juani nje ya grosari, hasa chupa za kijani, kwa sababu kioo chake hakizuii mwanga kama cha kahawia.