Kumtafuta Bibi wa Zamani katika Karatasi

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, kisha wanafunzi walisome wenyewe.)

Mwenye kitabu akifungue penye ukurasa huu, afuate kwa kidole. Asiye nacho na asikilize tu.

Leo hatusomi habari za mfalme wala za jemadari. Habari zao zimekwisha andikwa na wengi. Tutamtafuta mwanamke mmoja wa kawaida, mke wa mpiga chapa, aliyeishi London, mji mkuu wa Uingereza, zamani za Malkia Victoria. Malkia huyo alitawala tangu mwaka 1837 hata mwaka 1901.

Mwanamke huyo aliitwa Mary Ann Nichols. Labda wako kati yenu waliopata kulisikia jina hilo, kwa maana aliuawa usiku njiani mwaka 1888, na muuaji hakupata kujulikana. Magazeti yalimpachika muuaji jina la kutisha, na tangu siku zile vitabu vingi sana vimeandikwa juu yake. Mwanamke mwenyewe hupewa mistari miwili mitatu: alikuwa mlevi, alikuwa malaya, akafa. Basi. Lakini alikuwa ameishi zaidi ya miaka 40 kabla ya usiku ule. Alikuwa na baba na mama, na mume, na watoto. Je, miaka yake yote hiyo ilikwenda wapi?

Imo katika karatasi. Mwaka 2019 mwanahistoria mmoja, Hallie Rubenhold, alitoa kitabu juu ya wanawake watano wanaosemekana kuuawa na mtu yule. Hakushughulika na muuaji. Alikwenda kwenye madaftari ya kanisa, ya serikali na ya nyumba za maskini, akatafuta maisha ya wale wanawake. Nasi leo tutajifunza jinsi kazi ya namna hiyo inavyofanywa.

Kwanza, maneno matatu. Rejista ni daftari kubwa ambalo karani huandika ndani yake mambo kwa taratibu, kila jambo na tarehe yake. Cheti ni karatasi inayotolewa katika rejista, ili mtu awe na ushahidi mkononi. Sensa ni kuhesabu watu wote wa nchi, nyumba kwa nyumba. Yashikeni maneno haya, tutayatumia sana.

Makanisa ya Uingereza yaliamriwa tangu mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Lakini ilipofika tarehe 1 Julai 1837, serikali yenyewe ilianza kuandika vizazi, ndoa na vifo vya watu wote, wa dini yo yote. Kwa hiyo mtoto wa maskini aliyezaliwa baada ya siku hiyo yaelekea ameandikwa mahali. Nasema yaelekea, kwa sababu hapo mwanzo wazazi wengine hawakwenda kwa karani, na sheria ya kuwabana sawasawa ilikuja mwaka 1874.

Mary Ann alizaliwa tarehe 26 Agosti 1845, karibu na njia iitwayo Shoe Lane, mjini London. Baba yake ni Edward Walker, mhunzi. Mama yake ni Caroline. Cheti cha kuzaliwa cha Uingereza kina mambo haya: siku na mahali, jina la mtoto, jina la baba na kazi yake, jina la mama, na jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa. Litazameni hilo la mwisho. Kwa desturi ya Waingereza, mwanamke akiolewa huacha jina la kwao akachukua la mumewe. Binti Walker akawa Bibi Nichols. Anayemtafuta Nichols utotoni hamwoni, na anayemtafuta Walker uzeeni hamwoni vile vile. Ndiyo maana wanawake hupotea upesi katika karatasi kuliko wanaume. Jina la ukoo wa mama ni kama uzi. Ukiushika, waweza kurudi nyuma kwa nyanya, na kwa nyanya wa nyanya.

Mama yake Mary Ann alifariki mwaka 1852 kwa kifua kikuu. Mtoto alikuwa na miaka saba. Baba hakumpeleka kwa watu, alimlea mwenyewe.

Sasa tufike kwenye ndoa. Tarehe 16 Januari 1864, Mary Ann aliolewa na William Nichols, mpiga chapa, katika kanisa la St Bride's, karibu na Fleet Street, njia iliyojaa wapiga chapa na magazeti. Alikuwa na miaka 18. Cheti cha ndoa cha zamani hizo chataja majina ya bwana na bibi arusi, umri wao, kazi zao, wanakokaa, na majina ya baba zao wawili pamoja na kazi zao. Je, mama? Mama hawakuandikwa. Ndoa za Uingereza na Wales ziliendelea kuandikwa bila mama hata mwaka 2021, ndipo sheria ikabadilishwa. Mama aliyemzaa bibi arusi, akamnyonyesha, hana hata mstari mmoja!

Chini ya ukurasa ni mahali pa kutia sahihi. Hapa natamani tukae kidogo, maana panatuhusu sisi wa darasa hili. Asiyejua kuandika alichora alama ya msalaba, na kasisi akaandika pembeni kwamba hiyo ndiyo alama ya fulani. Mwaka 1841 karibu nusu ya mabibi arusi wote wa Uingereza na Wales walichora msalaba. Katika mabwana arusi, kama mmoja kwa kila watatu. Ilipofika mwaka 1900 waliochora msalaba walikuwa kama watatu tu katika kila mia. Hivyo mtafutaji afungua rejista, aona msalaba umetetemeka, wino umedondoka, naye ajua kwamba mkono ule haukuzoea kalamu. Pengine bwana ametia sahihi nzuri, na bibi amechora msalaba. Pengine bibi ndiye aliyetia sahihi. Wengine walijua kuandika lakini walichora msalaba ili wasimwaibishe mwenzao. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kuhukumu.

Mary Ann alijua kuandika. Mtaona hapo mbele.

Karatasi nyingine kubwa ni sensa. Uingereza walianza kuhesabu watu kila miaka kumi mwaka 1801, na tangu mwaka 1841 majina mengi yaliyoandikwa yamehifadhiwa. Kuanzia mwaka 1851 karani aliandika kila mtu aliyelala nyumbani usiku ule, umri wake, kazi yake, mahali alipozaliwa, na jinsi anavyohusiana na mkuu wa nyumba. Huko mtafutaji aweza kukuta jamaa nzima wamekaa pamoja kama katika picha. Lakini mara nyingi mbele ya jina la mke, mahali pa kazi pameachwa wazi. Mwanamke huyo afua nguo za watu kwa ujira, ashona mashati usiku kwa taa, apangisha chumba kimoja, na karani hakuandika kitu. Msidhani basi kwamba pasipoandikwa kazi hapakuwa na kazi.

Na tukumbuke kwamba sheria haikumpa mke mali nyingi za kuandikwa. Kabla ya mwaka 1870 hata mshahara wa mke ulikuwa mali ya mume. Sheria kubwa iliyompa mke mali yake mwenyewe ilipitishwa mwaka 1882.

Mary Ann na William walipata watoto watano. Mwaka 1876 walihamia katika majengo ya Peabody, Stamford Street, yaliyojengwa kwa fedha za tajiri mmoja wa Marekani ili wafanyakazi wa London wapate vyumba safi kwa kodi nafuu. Si kila mtu aliyepokelewa. Ilikuwa lazima mume awe na kazi ya kudumu na jamaa iwe na sifa njema. Hebu wazeni: huyu ndiye mwanamke ambaye vitabu vilituambia ni wa mitaani tu.

Mwaka 1880 ndoa ilivunjika. Kwa nini? Baba yake alisema mume alijipatia mwanamke mwingine, yule aliyekuja kumwuguza Mary Ann baada ya kujifungua. Mume alisema sababu ni ulevi wa mkewe. Maneno ya wanaume hao wawili tunayo, kwa sababu waliulizwa mbele ya watu mwaka 1888 na magazeti yakayaandika. Neno la Mary Ann mwenyewe juu ya jambo hilo hatuna. Mtafutaji mwenye akili huandika yote mawili, wala hachagui lile linalompendeza.

Tangu hapo twamwona zaidi katika rejista za nyumba za maskini. Hizi zilikuwa nyumba kubwa za serikali za mitaa, zilizoenea baada ya sheria ya mwaka 1834. Asiye na chakula aliingia, akavuliwa nguo zake, akavishwa sare, akapewa kazi, kama vile kufua au kufumua kamba kuukuu. Mume na mke walitengwa. Watu waliziogopa mno. Lakini kwa mtafutaji rejista zake ni hazina, kwa maana kila aliyeingia na aliyetoka aliandikwa pamoja na tarehe. Rejista za Lambeth zaonyesha Mary Ann aliingia Septemba 1880, akatoka mwishoni mwa Mei 1881. Na usiku wa sensa ya mwaka ule ulikuwa wa tarehe 3 Aprili. Mwaona? Ukitaka kumpata katika sensa ya mwaka 1881, usibishe hodi Stamford Street. Karatasi moja yakuonyesha mlango wa karatasi nyingine.

Mume alikuwa akimpa shilingi tano kwa juma. Mwaka 1882 aliacha, akisema mkewe anaishi na mwanamume mwingine. Alikaa kwa baba yake muda kidogo mwaka 1883. Miezi ya mwisho ya mwaka 1887 alilala nje katika uwanja wa Trafalgar, pamoja na maskini wengine wengi, akaingia tena katika nyumba za maskini, moja baada ya nyingine.

Mei 1888 alipata kazi ya utumishi katika nyumba ya watu wa dini huko Wandsworth. Ndipo alipomwandikia baba yake barua. Alimwarifu kwamba amepata mahali pazuri, nyumba kubwa yenye miti na bustani, na wenyeji wake ni watu wema wasiokunywa pombe. Akaomba ajibiwe, akauliza habari za kijana wake mkubwa, aliyekuwa akikaa kwa babu. Katika karatasi zote nilizowatajia, hiyo tu ndiyo iliyoandikwa kwa mkono wake. Nyingine zote ziliandikwa na makarani, makasisi na waandishi wa magazeti. Baba yake alijibu. Hakupata jibu la pili. Julai aliondoka na nguo za watu zenye thamani ya pauni tatu na shilingi kumi.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1888 hakuwa na fedha za kulipia kitanda katika nyumba ya kulala wageni. Alikutwa amekufa njiani, mtaa wa Whitechapel. Hakuna aliyemjua. Polisi walipoitazama nguo yake ya ndani, gagulo, waliona chapa ya nyumba ya maskini ya Lambeth, ile inayopigwa ili nguo zisiibiwe wakati wa kufuliwa. Kwa chapa hiyo walikwenda Lambeth, mwanamke mmoja wa huko akaja akamtambua. Siku ya pili mumewe akaja. Hivyo jina lake lilirudi kwa njia ya alama ya dobi.

Alizikwa tarehe 6 Septemba. Baba, mume na yule kijana walikuwapo. Juu ya sanduku kilipigwa kibao chenye jina lake na umri wake: miaka 42.

Sasa kazi ya juma hili. Fungueni madaftari. Kwanza, tazameni tena tarehe ya kuzaliwa ya Mary Ann na tarehe ya kufa kwake. Toeni hesabu. Je, kibao kilisema kweli?

Pili, kila mtu aandike jina la mama wa mama yake, na jina la baba wa huyo nyanya, na mahali alipozaliwa. Ukiwa hulijui, kamwulize mzee wa kwenu kabla ya somo lijalo. Karibu na kila jibu andika jina la aliyekuambia. Wazee wawili wakikupa majibu mawili, usifute hata moja. Yaandike yote, moja chini ya jingine, kisha tia tarehe na sahihi yako.