Kamera ipi ya kupandia Kasigau?

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake ziarani huwa na orodha ndefu: ruhusa za wazazi, maji ya kunywa, dawa za huduma ya kwanza, viatu visivyoteleza. Kamera aghalabu huandikwa mwisho, na siku hizi haiandikwi kabisa maadamu karibu kila mtu ana simu mkononi. Walakini hamu ya kamera za filamu imeanza kurejea miongoni mwa vijana, nao huja na swali lile lile: ninunue ipi? Wauzaji wana majibu tele. Mimi napenda kulipeleka swali hilo mahali pamoja, yaani Mlima Kasigau katika kaunti ya Taita Taveta, kwani kamera itakayostahimili safari ya huko itastahimili nyika na milima mingine mingi.

Asiyepajua na ashike barabara kuu kutoka Voi hadi Maungu, kisha aiache lami na kuifuata njia ya vumbi jekundu mpaka Rukanga. Mlima umesimama peke yake katika tambarare, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, nao ni miongoni mwa milima ya Tao la Mashariki, ule mkufu wa milima ya kale unaoanzia Taita na kushuka hadi kusini mwa Tanzania. Chini ni migunga na mibuyu katika jua kali lisilo na huruma. Juu ni msitu wa ukungu, ambamo mchana wenyewe hufanana na magharibi. Katika kupanda kwa saa chache tu, mpiga picha hukutana na nyanja mbili za mwanga zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Adui wa kwanza, hata hivyo, ni vumbi. Vumbi la Tsavo ndilo linalowapaka ndovu wekundu, na halichagui baina ya ndovu na lenzi. Kamera ndogo za miaka ya 1990, ambazo lenzi yake hutoka na kurudi ndani kwa mota, huumia upesi, kwa kuwa chembe moja ya mchanga yaweza kuikwamisha lenzi isitoke wala isirudi. Zamani tungemwambia msafiri aifunge kamera katika mfuko wa plastiki. Tangu Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini Kenya, na leso nzito iliyokunjwa mara mbili yafanya kazi hiyo vizuri tu, tena yafuta jasho.

Adui wa pili ni betri. Zipo kamera nzuri sana ambazo pazia lake la ndani, lile linalofunguka ili filamu ipate mwanga, huendeshwa kwa umeme. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni mojawapo. Betri ikiisha, chombo chote huwa kama jiwe, na sidhani kwamba duka la kijijini huweka betri ya aina ile karibu na sukari na majani ya chai. Mwaka huo huo wa 1976 ilitolewa Pentax K1000, iliyoundwa hadi 1997 na kutumiwa mno katika shule zilizofundisha upigaji picha. Hii pazia lake huendeshwa kwa springi na magurudumu ya chuma. Betri yake ndogo ni ya kipima mwanga pekee, na ikifa kazi haisimami. Ni nzito kidogo, na haina urembo wowote. Ina kasoro moja ambayo mnunuzi aijue mapema: kipima mwanga chake hakina swichi. Asiyefunika lenzi kwa kifuniko chake hupata betri imekwisha kabla hajafika Maungu.

Wengine husifu Olympus Trip 35, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, kwa kuwa haihitaji betri hata moja. Hupima mwanga kwa seleniamu inayozunguka lenzi yake. Ni nyepesi, nami naipenda kwa matembezi ya mjini. Lakini mwanga ukipungua, kibendera chekundu huchomoza ndani ya kitundu cha kutazamia na kamera hukataa kupiga. Ndani ya msitu wa Kasigau kibendera hicho kitachomoza mara nyingi. Fauka ya hayo, seleniamu huchoka kwa uzee, na nyingi zinazouzwa leo zina umri wa miaka 40 na zaidi. Basi kwa mlima huu nachagua Pentax ile, au nduguye yeyote wa springi kama Nikon FM, pamoja na lenzi moja ya milimita 50 na filamu ya kasi ya 400, itakayofaa msituni na isiyolemewa uwandani.

Kununua ni nusu ya kazi. Kipima mwanga hakijui kinatazama nini; hudhania kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe na weusi wa wastani. Msimamishe bibi kizee mbele ya mbingu nyeupe ya saa sita, ukitii sindano ya kamera, nawe utapata mbingu nzuri na bibi asiye na macho wala tabasamu. Ni nani asiyezijua picha za shule za namna hiyo? Lawama haikuwa ya mpiga picha peke yake. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, aliyeichunguza historia hiyo na kuiandikia mwaka 2009, alikuta kwamba miongoni mwa waliochangia kuisukuma kampuni iboreshe filamu zake ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa rangi za kahawia hazitofautiki katika matangazo yao. Chokoleti ilisikizwa!

Dawa yetu i chini ya miguu. Elekeza kamera kwenye udongo mwekundu uliomo katika mwanga ule ule unaomwangukia mtu, kwani wekundu huo hauko mbali na wastani unaotakiwa na kipimo. Kisha ongeza tundu la lenzi hatua moja kwa ajili ya uso mweusi. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Na iwezekanapo, mwondoe mtu juani umkalishe kivulini.

Nimemtaja bibi kwa makusudi, wala sikumtaja ndovu. Ukanda wa Kasigau uko baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na wanafunzi wengi watatamani lenzi ndefu ya kuwavuta wanyama karibu. Lenzi hiyo ni ghali, ni nzito mlimani, na picha za ndovu zimejaa duniani. Picha iliyovuma kupita nyingine za kale za Tsavo ni ya mwaka 1898, ikimwonyesha John Henry Patterson, afisa wa jeshi la Uingereza, pamoja na simba aliyemuua. Ngozi za simba wake wawili zilijazwa na kusimamishwa katika jumba la Field Museum mjini Chicago, ambako zinatazamwa hadi leo. Watu je?

Mnamo Agosti 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliuteka Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa waliwasaidia maadui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walifariki. Waliobaki waliruhusiwa kurejea mlimani kwao katika miaka ya 1930. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kurejea huko ana miaka 90 au karibu nayo leo. Waliosimuliwa habari za uhamisho na vinywa vya wazazi wao wanapungua kila mwaka katika vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Mwanafunzi mwenye picha 36 tu katika filamu yake hulazimika kuketi, kuuliza jina, kuomba ruhusa na kusikiliza kabla ya kubonyeza. Mwenye simu anaweza kufanya hivyo pia, lakini sijaona wengi. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia mwaka 1984, alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam kwa kamera ya sanduku ya Brownie iliyokwisha kutumiwa na mwingine.

Yapo ya gharama, nayo si madogo. Filamu ni ghali na studio nyingi zimeacha kuisafisha, hivyo mwalimu aulize mapema ni nani mjini bado anafanya kazi hiyo. Njia nyepesi kwa shule ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo husafishwa katika maabara ya kemia: dawa ya kutokeza picha, asidi hafifu kama ya siki ya kuisimamisha, na thiosalfeti ya sodiamu ya kuondoa chumvi za fedha zisizopata mwanga. Hilo ni somo kamili la kidato cha tatu. Wanaosafiri kwa reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017 na kupitia Voi, wakumbuke kwamba mizigo hukaguliwa kwa mashine stesheni. Filamu ishikwe mkononi, na askari aombwe kwa adabu aikague kwa macho. Isiachwe kamwe juu ya dashibodi ya matatu, kwani joto la pale huiharibu kabla haijapigwa.

Picha zikishatoka, zichapishwe nakala mbili. Moja ibaki shuleni pamoja na negativu yake katika bahasha kavu. Ya pili iandikwe nyuma kwa penseli jina la mzee, kijiji na tarehe, kisha wanafunzi wenyewe waipeleke kwake muhula unaofuata.